Kusugua silinda ya CG150 kwa drili ya mkono

Spana14
Wakuu, injini ni ya pikipiki, CG150, kipenyo cha silinda milimita 62. Inakula oili na kutoa moshi wa bluu ikivuta mzigo. Pistoni haina mikwaruzo ila slivu (ukuta wa ndani wa silinda) imeng'aa kama kioo. Ringi mpya za standadi ninazo, pia drili ya kuzungusha kwa mkono na mawe ya kusugulia ya miguu mitatu, ukali namba 220. Nitajuaje kama bloku bado inafaa, na nasuguaje?

Mkerezaji
Pima kwanza, mkuu. Mawe yanarudisha mistari ya kushika oili, hayanyooshi silinda iliyoliwa. Ingiza ringi mpya ya juu peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawasawa, upime mwanya wa ncha zake kwa fila (vibamba vyembamba vya kupimia mianya). Pima chini kabisa pasipofikiwa na ringi, kisha juu pale ringi inapogeukia. Tofauti igawe kwa 3.14. Chini ukipata milimita 0.25 na juu 0.55, silinda imeliwa karibu milimita 0.1. Hiyo ipeleke ikachongwe kwa pistoni ya ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya standadi), usipoteze ringi zako. Ukucha ukikwama kwenye ukingo wa juu, jibu ni hilohilo.

Gereji ya Uani
Silinda ikifaulu kipimo, bana bloku kwenye jiliwa kwa vipande vya mbao, ushike kitako chake. Ukibana slivu inapinda. Lowesha mawe kwa dizeli iliyochanganywa na oili, na uendelee kumwagia.

Kazi yote iko kwenye mwendo. Zungusha kama mara 2 kwa sekunde, na ndani ya sekunde hiyohiyo mawe yapande na kushuka mara moja. Mistari itakatana kwa nyuzi karibu 50. Drili ya umeme inakimbia mno, mkono haufuati, mistari inalala na oili inabaki nyingi ukutani. Mawe yachungulie kidogo tu juu na chini. Yakitoka yote yanavunjika. Usisimame mahali pamoja. Sugua sekunde 15, futa, tazama. Mng'ao ukiisha, acha.

Spana14
Nikimaliza nioshe kwa petroli?

Mkerezaji
Hapana! Petroli inaondoa oili, unga wa mawe unabaki kwenye mistari na kula ringi mpya. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi. Kausha, kisha pitisha kitambaa cheupe chenye oili safi. Kikitoka cha kijivu, rudia kuosha. Oili ipake papo hapo, maana chuma kitupu kinashika kutu upesi.

Gereji ya Uani
Ringi zenye herufi, herufi itazame juu, na mianya usiipange mstari mmoja. Badilisha na sili za vali (vizuizi vya oili kwenye vali) wakati hedi, yaani kichwa cha silinda, iko nje. Moshi ukitoka asubuhi tu unapowasha, mara nyingi ni sili, si ringi.