Mjadala: Walk Hard iliangushwa na watazamaji, au ilijiangusha yenyewe?

Wakuu, kila zikitajwa filamu za kuchekesha zilizoonewa na soko, Walk Hard: The Dewey Cox Story ya 2007 haikosi. Hoja ni ile ile: ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 35, kwenye majumba ya sinema ikaambulia kama milioni 20, basi watu hawakuielewa. Napinga. Nimeitazama mara tatu nikitaka kuipenda, na mara zote hamu imeniisha katikati.

Kwa asiyeijua: Jake Kasdan na Judd Apatow walimbuni mwanamuziki Dewey Cox ili wazidhihaki filamu za maisha ya wanamuziki, hasa Ray (2004) inayomhusu Ray Charles na Walk the Line (2005) inayomhusu Johnny Cash. Mwanzo ni mtamu kweli. Dewey akiwa mtoto anamkata nduguye vipande viwili kwa panga wakicheza, na baba anabaki kurudia miaka nenda rudi kwamba aliyekufa siye aliyepaswa kufa. Ukiwa umeona Walk the Line unajua baba yake Cash anasema maneno ya namna hiyo hiyo. Hapo dhihaka inachoma, maana inafichua hila ya waandishi: kifo cha utotoni kinafanywa chanzo cha kila wimbo.

Tatizo, mzaha ukishaeleweka unarudiwa tu. Sam, mpiga ngoma, anakutwa na bangi, anamwonya Dewey asiguse huku akiisifia. Tunacheka. Kisha kokeini, kisha vidonge, kwa mtindo ule ule. Dewey akikasirika anang'oa masinki ukutani, tena na tena. Dewey anakuwa kama mwanamuziki Bob Dylan, anakutana na bendi ya Beatles India, na safari inaendelea. Filamu inapita kituo kwa kituo njia ile ile inayoicheka, ila yenyewe haina mtu ndani.

Na hili linaniuma kwa sababu John C. Reilly, aliyeigiza Dewey, aliimba mwenyewe, vizuri sana, hadi akateuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe. Sauti ile ilistahili mhusika.

Nawasilisha. Nipingeni.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, hapo umepotoka. Kurudia ndiyo hoja yenyewe! Tazama Bohemian Rhapsody ya 2018, ya Freddie Mercury wa bendi ya Queen: umaarufu, ulevi, kugombana na wenzake, kupatana, tamasha kubwa la mwisho. Ikabeba Oscar 4. Dewey Cox alishatuonyesha njia hiyo miaka 11 kabla. Halafu James Mangold, mwongozaji yule yule wa Walk the Line, alipotengeneza A Complete Unknown ya Dylan mwaka 2024, utoto hakuugusa. Anaanza Dylan akiingia New York 1961, anaishia tamasha la Newport 1965. Kwangu hiyo ni alama iliyoachwa na Walk Hard.

Mchangiaji wa 2:
Mimi lile panga lilinishinda. Jack, kaka yake Cash, alikufa kweli mwaka 1944 kwa msumeno wa kuchania mbao. George, mdogo wake Ray Charles, alizama kwenye beseni la kufulia. Waandishi hawakuvibuni vifo hivyo. Mimi nimezika mdogo wangu, na najua mtu anaweza kuimba maisha yake yote kwa ajili ya siku moja.

Mleta mada:
Dada, pole sana. Ninachokicheka pale ni baba na sentensi yake, si mtoto, lakini siwezi kukulazimisha ucheke nami.

Mkuu wa kwanza, hilo la Mangold lina uzito. Hata kama ni kweli, Walk Hard itakuwa imewafaa waongozaji kuliko ilivyonifaa mimi niliyekaa kuitazama. Nitajie tukio moja baada ya lile la India linalomhusu Dewey mwenyewe, lisilokuwa kivuli cha Cash, Ray wala Dylan. Ukilipata, leo usiku naitazama mara ya nne.