Barakoa inanifukuzia wateja Kibuye. Nifanyeje?

MamaOmena, Kisumu

Habari zenu. Mimi nauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kibuye, huu ni mwaka wa 11. Kuna jambo linaniumiza na nimeona nilisemee hapa kwa sababu sokoni siwezi.

Nina TB. Iligunduliwa wiki 5 zilizopita, baada ya kikohozi kilichokataa kuisha na jasho la usiku, shuka inalowa kama imetoka kufuliwa. Dawa nameza kila asubuhi, sijaruka hata siku moja. Kliniki waliniambia nivae barakoa nikiwa karibu na watu, hasa huku mwanzoni. Nimetii. Kwenye matatu navaa, sokoni navaa, nyumbani nikiwa na mjukuu wangu navaa.

Mnakumbuka 2020? Sote tulifunika midomo. Aliyekuja bila barakoa ndiye aliyekimbiwa, na faini ilifika hadi shilingi 20,000. Matatu ya watu 14 ilibeba 8. Hakuna aliyeniuliza naumwa nini. Machi 2022 serikali ikaondoa lile sharti, na siku hizi aliyevaa ndiye anayeogopwa. Nikiingia kwenye matatu, aliye dirishani anageuza uso nje mpaka tufike.

Jumapili iliyopita mteja wangu wa siku nyingi alikuja. Huyu mama nimemuuzia tangu watoto wake wako chekechea. Alisimama hatua mbili kutoka mezani. Nikampimia nusu gorogoro, lile kopo letu la kupimia, nikamwongeza kiganja kimoja juu kama kawaida yetu. Pesa hakunipa mkononi. Aliishika noti ya 200 kwa ncha za vidole viwili, akailaza juu ya gunia, akaisukuma kwangu kwa ukucha. Nilimtabasamia. Hakuona kitu. Akachukua karatasi yake akaenda.

Omena yangu na ya jirani imetoka ziwa moja, na bei ni moja. Kinachomleta mtu kwangu ni uso. Akisema "mama punguza", nacheka kwanza ndipo nakataa, na kile kicheko ndicho kinamfanya asiondoke. Sasa nikikataa kwa macho peke yake naonekana mkali. Hata sauti haifiki. Naita "kastoma karibu" na mtu anapita kana kwamba nimenong'ona.

Na huyu mjukuu. Ana miaka 2. Akikaa mapajani anaivuta barakoa kwa vidole vyake, anatafuta mdomo. Nageuza kichwa. Jana usiku alilia mpaka mama yake akaja kumchukua.

Swali langu: niivue? Au niwaambie watu ukweli? Aliyewahi kupitia haya aniambie alifanyaje.

FundiKondele

Pole sana dada. Mimi ni fundi cherehani. 2020 nilishona barakoa za kitenge usiku na mchana, kwa hivyo nimeona jinsi watu wanavyoziangalia. Ile ya hospitali, ya buluu, ndiyo inayotisha, mtu akiiona anawaza wodi. Ya kitenge inaonekana kama nguo. Lakini kama ni mimi ningeivua tu. Nimesikia TB ikishapata dawa wiki 2 haiambukizi tena, na wewe uko wiki ya 5.

Jamaa_wa_Nyalenda

Kwani si ukae nyumbani upone kwanza? Hicho ni chakula, watu wanakula.

MamaOmena, Kisumu

Ndugu yangu, matibabu ni miezi 6. Nikikaa nyumbani miezi 6 nani analipa kodi ya nyumba? Na kama ningekuwa sijali watu, nisingevaa hiki kitu kwenye jua la saa saba.

Muuguzi_Nakuru

Mama, hongera kwa kumeza dawa bila kuruka. Hilo ndilo linalowalinda majirani zako kuliko kitambaa chochote.

Jamaa wa Nyalenda, TB haipiti kwenye chakula, wala kwenye noti, wala kwa kushikana mikono. Inapita hewani: mwenye nayo kwenye mapafu akikohoa, akipiga chafya, akiongea au akiimba, na mwingine akavuta hiyo hewa. Barakoa ya mgonjwa inazuia matone pale yanapotokea. Ndiyo maana mgonjwa anapewa ile nyepesi ya kawaida, na sisi wauguzi tunavaa ile nzito inayobana uso, maana sisi ndio tunaovuta hewa ya chumba kile kutwa nzima.

Fundi, hizo wiki 2 zina ukweli wake lakini usizikariri hivyo. Dawa zikifanya kazi, uwezo wa kuambukiza hushuka sana katika wiki za kwanza. Lakini "zikifanya kazi" haionekani kwa kuhesabu siku. Kuna TB sugu isiyosikia dawa za kawaida. Mwisho wa mwezi wa 2 Mama atapeleka makohozi yapimwe tena, na jibu hilo ndilo la kumwongoza. Asivue kwa sababu yetu hapa, aulize kliniki yake.

Ila Mama, mahali pamoja hapafanani na pengine. Matatu yenye madirisha yaliyofungwa ni hatari kuliko meza yako sokoni ambako upepo unapita. Waulize kliniki kama sokoni unaweza kupumzika kidogo ukiwa peke yako mezani. Ushauri wa kitenge ni mzuri ukivaa ya hospitali ndani na kitenge juu. Kitenge peke yake kinapitisha zaidi.

Kuhusu mjukuu: amepelekwa kupimwa? Mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mwenye TB lazima aangaliwe, na asipokuwa nayo hupewa dawa ya kumkinga. Hilo usilingoje hata wiki moja. Usiku fungueni dirisha.

SeremalaKakamega

Mama, mimi masikio yangu yanasikia nusu tangu utotoni. Nasoma midomo. Ile miaka miwili ya barakoa kwangu ilikuwa giza. Mteja anaingia karakana, naona macho yanapepesa na kitambaa kinacheza mbele ya mdomo, sijui anataka meza au ananitukana. Wakati mmoja nilitengeneza kitanda cha futi 4 mtu alitaka cha futi 6. Mbao zilipotea.

Kwa hiyo nakuelewa kutoka upande wa pili. Barakoa inakata zile sauti nyembamba, "s" na "f" na "t", kwanza. "Sita" na "tisa" zinakuwa kitu kimoja, na wewe unataja bei! Andika bei kwenye kadibodi, kubwa, uisimamishe kwenye omena. Kisha tumia mikono. Marafiki zangu viziwi wanaoongea kwa ishara wanauliza swali kwa nyusi. Nyusi zikipanda ni swali. Wewe nyusi unazo. Inua mkono mtu akiwa bado mbali, mpungie, kichwa kiiname kidogo. Usipige kelele, ukipiga kelele macho yanakuwa makali zaidi. Ongea polepole.

Kama unaweza kumwambia mtu mmoja ukweli, anza na yule wa noti.

MamaOmena, Kisumu

Nimerudi, wiki mbili zimepita. Mjukuu alipimwa, hana, na ameanza dawa ya kinga. Muuguzi, Mungu akuweke. Kliniki wamesema niendelee kuvaa mpaka majibu ya makohozi yatoke, ila nikiwa peke yangu mezani naweza kuishusha nipumue. Fundi wa kwetu ameshona kitenge cha njano na kijani, navaa juu ya ile ya buluu. Kadibodi ya bei iko, na watu wanaisoma kabla hawajafika.

Yule mama alikuja tena Jumapili. Alisimama palepale, hatua mbili. Nilimwomba asogee pembeni, nikamwambia: "Mama, mimi nina TB, niko kwenye dawa." Moyo ulikuwa unanipiga mpaka masikioni. Alininyamazia. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mkojo wako umekuwa rangi ya chungwa?"

Nikasema ndiyo.

"Wa kaka yangu ulikuwa hivyo hivyo," akasema. "Tulidhani ni damu. Tulikodi boda usiku kumkimbiza hospitali, kumbe ni dawa." Akaanza kucheka, nami nikacheka, mpaka jirani yangu wa dagaa za kukaanga akainuka kuangalia kuna nini. Kaka yake alimaliza zile dawa na sasa anaendesha tuktuk.

Alichukua gorogoro nzima. Pesa alinipa mkononi.

Makohozi napeleka wiki ijayo.