Tupeane uzoefu: mafao ya watoto pale mzazi mwajiriwa anapofariki au anapopata ulemavu

Mwanzisha mada, Nyakato

Ndugu zangu wa Mwanza na wa visiwa vya Ziwa Victoria, naomba tukusanye hapa yale tuliyoyapitia wenyewe katika kufuatilia mafao ya watoto. Ninalea watoto wawili wa marehemu kaka yangu, aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kusindika samaki na mwanachama wa NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), na kwa niliyoyaona naamini kwamba haki ya mtoto hulindwa zaidi na karatasi alizoziandaa mzazi akiwa hai kuliko na hoja za ndugu baada ya matanga.

Sheria yenyewe haikutusumbua. Pensheni ya urithi huanza na mjane au mgane pamoja na watoto walio chini ya miaka 18, na mtoto anayeendelea na masomo huhesabiwa hadi miaka 21. Ugumu ulikuwa nyumbani, kwa sababu katika kikao cha ukoo baadhi ya wazee walitaka fedha za mfuko zijumlishwe na kiwanja na ng'ombe wa marehemu ili zigawanywe kama mirathi, ilhali pensheni hiyo imewekwa kwa ajili ya wategemezi. Kisha ikaonekana kwamba jina la baba katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto mkubwa halilingani na lile la kadi ya uanachama, ikatubidi kula kiapo mbele ya wakili. Na mdogo wake hakuwa na cheti kabisa, hivyo tukaanza na kadi ya kliniki na barua ya mtendaji wa mtaa ndipo tukaenda kuomba usajili wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Shemeji yangu aliyavumilia hayo yote huku ada za shule zikidaiwa.

Watumishi wa umma, ambao tangu mwaka 2018 wamo PSSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma), nao tafadhali wachangie.

Mjane wa Igoma

Pole sana, kaka yangu. Mume wangu alifariki akiwa kazini, na baada ya mazishi mwajiri alileta rambirambi, akasema kwamba kwa upande wake mambo yamekwisha. Ni mwanachama mmoja wa chama cha wafanyakazi aliyenieleza kwamba mbali na mafao ya hifadhi ya jamii upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ambao mchangiaji wake ni mwajiri peke yake na ambao huwatazama wategemezi wa mtu aliyefariki kwa ajali ya kazini au kwa ugonjwa uliotokana na kazi. Niliomba kwa maandishi nakala ya taarifa ya ajali, nikaiambatanisha na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Watoto wangu sasa wanatambuliwa. Wajane wenzangu, rambirambi si fidia, na msisaini karatasi yoyote inayosema kwamba hamna madai kabla ya kuisoma pamoja na mtu anayeielewa.

Mstaafu wa Nansio

Mimi bado ni hai, ninapokea pensheni ya NSSF, lakini nina binti mwenye ulemavu wa akili ambaye ni mtu mzima. Nilifahamishwa kwamba ukomo wa umri haumhusu mtoto asiyeweza kujitegemea kwa sababu ya ulemavu, ila ulemavu huo lazima uthibitishwe na daktari. Kwa hiyo nimemvusha hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa uchunguzi, nimehifadhi ripoti yake pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, na nimemwonyesha dada yake mahali zilipo. Sitaki ulemavu wake uanze kubishaniwa siku nitakapokuwa siwezi kumsemea.

Mvuvi wa Igombe

Nawashukuru wakubwa zangu. Sisi wa mwaloni hatuna mwajiri, nami najichangia NSSF kwa hiari. Nina swali moja: mwanachama akiwa na watoto wa mama wawili, inakuwaje?

Mwanzisha mada, Nyakato

Ndugu yangu wa Igombe, kinachoangaliwa ni kama mtoto ni wa mwanachama na kama umri wake unaruhusu. Nyumba aliyozaliwa haimpunguzii wala kumwongezea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza mtoto kunyimwa manufaa ya haki katika mali ya mzazi wake. Ubishi juu ya uzazi ukifika mahakamani, unaweza kumalizwa kwa kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini hiyo ni njia ndefu na yenye kuwaumiza watoto. Waandikishe wote sasa, kwa majina yanayolingana na ya uanachama wako, na kila mama abaki na nakala.