Naomba ushauri: kitambaa cha kroshia chenye sura ya sweta
Habari zenu wapendwa. Najifunza kroshia, nataka kitambaa cha kuoshea vyombo chenye ile mistari ya sweta, kama kimefumwa kwa sindano mbili. Natumia uzi wa pamba (wa akriliki nilijaribu, haunywi maji kabisa) na sindano ya milimita 4. Nilianza na vitanzi 30. Kila mstari nachoma uzi wa nyuma tu wa kila kitanzi, kisha navuta uzi moja kwa moja hadi upite kwenye kitanzi kilicho kwenye sindano. Sura imetoka, ila vitanzi vinakaza hadi sindano haipenyi, na mstari wa 12 nahesabu 25! Kimekuwa sambusa. Nihamie sindano ya milimita 6? Na kitanzi cha mwisho mnakitambuaje? Kila nikigeuza kinanipotea. Nielekezeni jamani.