RV ya kwenda Florida Keys na mama mkwe: tumeshachelewa?

BintiTanga_ATL
Wadau, shikamoo kwa wakubwa, wengine habari za Jumapili. Mama mkwe anakuja kutoka Tanga mwezi wa tatu, atakaa nasi hapa Atlanta miezi mitatu. Kila tukimuuliza anataka kuona nini Marekani anajibu, "Kwani bahari ipo?" Ipo, ila si hapa. Baba watoto ameng'ang'ania tukodi RV, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani, mapumziko ya shule, mwanzoni mwa Aprili, tushuke hadi Florida Keys, vile visiwa vya kusini kabisa mwa Florida, tulale karibu na maji na kupika wenyewe. Tupo sita: sisi wawili, watoto watatu, na bimkubwa mwenye miaka 68 na magoti mabovu. Hatujawahi hata kuingia ndani ya hilo dude.

Nimepekua tovuti ya hifadhi za jimbo la Florida zenye sehemu za kuegesha RV mpaka macho yameuma. Bahia Honda pamejaa, Curry Hammock pamejaa. Na huu ni mwezi wa kumi tu! Hao watu huweka nafasi lini? Na tukikosa kabisa, si tunaegesha pembeni ya barabara tukalala?

MzeeWaKibanda
Sita ndani ya RV wiki nzima, na mkwe juu? Mdogo wangu, chukua hoteli. Ndoa bado unaihitaji.

BabaRukia_Tampa
Dada, karibu. Mimi mzaliwa wa Mombasa, Keys nimekwenda na RV mara tatu, mara ya mwisho na mama yangu mzazi, kwa hiyo hali yako naijua.

Nianze na lile la mwisho: usithubutu. Kule kulala ndani ya gari pembeni ya barabara ni marufuku. Utagongewa dirisha na polisi saa nane za usiku mbele ya mkweo.

Nafasi: sisi wakazi wa Florida tunaruhusiwa kuanzia miezi 11 kabla, ninyi wa nje miezi 10, na nafasi hufunguliwa saa mbili asubuhi. Waliochukua Aprili walikuwa macho tangu mwezi wa tano. Lakini usikate tamaa, watu hufuta safari. Bahia Honda mimi nimeipata mara mbili kwa nafasi zilizoachwa. Kosa lako ni kutafuta wiki nzima. Tafuta usiku mmojammoja, Jumapili hadi Alhamisi, kila asubuhi kabla ya kazi, kisha unganisha. Mbili hapa, tatu kule. Kutoka Bahia Honda hadi Curry Hammock ni kama maili 20 tu. Ukiwa Bahia Honda chukua upande wa Buttonwood. Ule wa Bayside utauona una nafasi ukafurahi, kumbe njia yake inapita chini ya daraja lenye kimo cha futi 6 na inchi 8. RV haipiti.

Sasa hapa mumeo atanichukia. Msikodi RV Atlanta. Kwenda na kurudi ni maili 1,500 na ushee, na dude hilo linakunywa galoni moja kwa maili nane, tisa au kumi. Halafu soma mkataba: wengi wanakupa maili 100 au 150 kwa siku, zikizidi unalipia kila maili. Nendeni na gari lenu mpaka Miami, kodini huko. Miami hadi Bahia Honda ni kama maili 120. Na bimkubwa atasafiri kwenye kiti cha kweli, asikae ubavu kwenye kimeza cha RV kwa masaa kumi na mawili akitapika.

Kuhusu magoti: omba yenye kitanda cha chini nyuma. Kile cha juu ya dereva ni cha watoto. Beba na kigoda imara, maana ngazi ya mlangoni ni nyembamba na ya kwanza iko juu. Mama yangu alishuka mara moja, akaitazama, akasema, "Hii wamemtengenezea kuku."

Na choo. Hakuna atakayekwambia, acha nikwambie mimi. Kuna tangi la maji ya kuogea na tangi la choo. Unafungua la choo kwanza, likiisha ndipo unafungua la kuogea lisafishe mpira wa kutolea uchafu. Mimi nilijua hayo yote, nimetazama video tano. Nisichojua ni kwamba mpira niliopewa na wakodishaji ulikuwa na ufa karibu na kiungio. Nimevaa ndara. Jirani, mzee wa Ohio, alikuwa anakunywa kahawa mita tatu kutoka pale. Hakusema neno, aliingia ndani akanitolea glovu na mpira wake wa akiba. Ukaguzi wa mpira ufanyeni palepale mnapokabidhiwa gari, kwa maji safi. Na mvae viatu.

Nesi_Homestead
Baba Rukia umenichekesha, niko zamu hapa. Naongeza kidogo. Mahitaji nunueni Homestead au Florida City kabla ya kuvuka, visiwani kila kitu kimepanda bei. Mbu mtawamudu, shida ni usubi: alfajiri na jioni upepo ukitulia, wanapita hata kwenye wavu wa kawaida. Bimkubwa avae mikono mirefu. Barabara kuu ina vibao vya maili vinavyoshuka hadi sifuri Key West, na watu wote wanaelekezana kwa hivyo, Bahia Honda iko 37. Kisiwani Big Pine Key usiku mwendo ni maili 35 kwa saa, kuna paa wadogo kama mbwa wanakatiza ovyo, na faini si mchezo.

Kama bimkubwa atataka kuvua samaki, leseni ya bahari kwa mgeni ni dola 17 kwa siku tatu au 30 kwa wiki. Umri haumwokoi, msamaha wa wazee ni wa wakazi wa Florida. Watoto chini ya miaka 16 hawahitaji. Pale kwenye mikoko kuna samaki wa jamii ya changu, asiyefika inchi 10 mrudishe majini.

BintiTanga_ATL
Ahsanteni sana jamani! Mzee wa Kibanda, nimekusikia lakini hoteli ya watu sita nimeshaiangalia bei, nikafunga kompyuta.

Leo asubuhi nimepata Curry Hammock, Jumatatu na Jumanne. Mbili tu, ila mkononi. Baba watoto amenuna kuhusu kukodi Miami, halafu akapiga hesabu ya mafuta, akanyamaza.

Bimkubwa nimempigia nikamwambia kuna changu na kuna mikoko. Akauliza, "Na mbuzi ya nazi wanayo?" Nikamwambia sidhani. Anasema anakuja na yake.

BabaRukia_Tampa
Mwambie alete. Nazi kule za kumwaga.