Wauza balbu za LED mmezidi: boksi linasema wati 18, mita inasema 8

Wakuu heshima kwenu. Nina hasira na sitaificha. Biashara ya balbu za LED za bei chee imegeuka wizi wa mchana kweupe, na wanaoumia ni watu wa kipato kidogo wanaojitahidi umeme wa LUKU ufike mwisho wa mwezi.

Nianze na boksi. Ingia duka la vifaa vya umeme, liwe la Kariakoo au la huku mitaani, muuzaji atakuuliza swali moja tu: "Unataka wati ngapi?" Mwambie unataka yenye mwanga mkali, atakupa iliyoandikwa 18 au 20. Jamani, wati ni ulaji wa umeme! Mwanga unapimwa kwa lumeni, na boksi linatakiwa liwe na namba yenye herufi lm. Ile balbu ya zamani ya waya ya wati 60 ilitoa lumeni kama 800, na LED nzuri inatoa hizo hizo kwa wati 8 au 9. Ya wati 40 ilikuwa kwenye 450 hivi. Sasa geuza haya maboksi ya bei chee pande zote utafute lm. Hakuna. Uliza, unajibiwa "hiyo inawaka vizuri tu, kaka, wengi wanachukua".

Na hizo wati zenyewe ni uongo. Mita ina kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni yake pameandikwa imp/kWh, yaani kinamweka mara ngapi kwa kila uniti moja ya umeme. Kama yako ni 1000, kila kikimweka umetumia wati-saa moja. Zima kila kitu, chomoa friji, TV na chaja za simu, kisha washa balbu kumi za aina moja. Kama kweli kila moja ni wati 18, jumla ni 180, kwa hiyo kitaa kinatakiwa kimweke kila baada ya sekunde 20. Kwangu kilikuwa kinakaa kama sekunde 45. Piga hesabu mwenyewe: wati 80 kwa balbu kumi, wati 8 kwa moja. Najua kuna mtu atakuja hapa kusema si afadhali, inakula kidogo. Mkuu, nimetozwa bei ya balbu kubwa nikapewa ndogo! Mtoto anasoma sebuleni kwa kukunja macho, halafu naambiwa niongeze balbu ya pili. Huko kubana matumizi kuko wapi?

Tuje kwenye kudumu, hapa ndipo damu inanichemka zaidi. Boksi linasema saa 15,000. Ukiwasha saa 5 kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 8. Hata taa ya nje inayowaka saa 12 usiku kucha ingefika miaka 3 na kitu. Za kwangu hazimalizi mwaka. Zinaanza kupepesa, kisha zinakufa. Fundi akizifungua, vile vidoti vya LED vingi ni vizima, kilichokufa ni saketi ya kwenye kitako. Kapasita dhaifu, hakuna bati la maana la kutoa joto, plastiki tupu. Umeme ukipanda na kushuka kidogo, kwaheri. Ukiifunga ndani ya globu ya kioo iliyozibwa, joto linakosa pa kutokea na inakufa mapema zaidi. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyewahi kuniuliza naenda kuifunga wapi.

Ukirudi dukani unaoneshwa karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Wanakwambia "si tulikujaribishia hapa hapa?" Kuwaka sekunde mbili kwenye holda ya dukani kunathibitisha nini? Hata balbu mbovu kuliko zote inawaka sekunde mbili.

Matokeo yake watu wanakata tamaa na kurudi kwenye balbu za waya kwa kuwa ni za bei ndogo. Hebu tazameni hasara yake. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kwa siku inakula uniti 9 kwa mwezi. Nyumba yenye sita, uniti 54. Mwenye LUKU ya D1, daraja la watumiaji wadogo wa majumbani, anauziwa uniti kwa Sh 100 kabla ya kodi na tozo, ila asivuke uniti 75 kwa mwezi. Taa peke yake zimeshakula 54! Bado friji, bado pasi. Akizoea kuzidisha anahamishiwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, Sh 292 kwa uniti, nazo kabla ya kodi. Taa hizo hizo sita zikiwa LED za kweli za wati 8 zinakula uniti 7 na kidogo. Tofauti hiyo ni ada ya tuisheni ya mtoto, ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Kuna na hizi enejisevu za mrija wa kuzunguka, naona zinauzwa kwa punguzo. Zina zebaki ndani. Mkutano wa 2022 kule Bali wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulikubaliana kwamba hizi za kawaida za majumbani, za hadi wati 30, zisitengenezwe wala kuingizwa nchini baada ya 2025, na pendekezo lilitoka kwetu Afrika. Kwa hiyo punguzo hilo ni kutumalizia mzigo. Ikipasuka ndani, fungua madirisha, toa watoto, na usifagie kwa ufagio.

Na acheni kudanganya watu kuwa mwanga mweupe unakula umeme kidogo kuliko wa njano. 6500K (nyeupe) au 3000K (njano) ni rangi tu. Chumbani chukua ya njano, jikoni nyeupe, ulaji utazame kwenye wati.

Ninachodai ni lumeni ziandikwe, wati ziwe za kweli, na warantii ya mwaka mmoja kwa maandishi pamoja na risiti. Mwenye kujua duka la Dar linalotoa warantii hiyo kwa balbu aweke hapa mtaa na bei. Na wenye mita zinazomweka pimeni balbu zenu, mlete majibu: wati za kwenye boksi, sekunde mlizohesabu, na bei mliyonunulia.