Je, tumlazimishe kuwaombea waliomtenda mabaya?

Mama wa Himbi, Goma: Wapendwa, katika kikundi chetu cha maombezi tunasoma daftarini majina ya wagonjwa na ya waliokimbia vita. Juzi dada mmoja alikataa kuwaombea waliochoma nyumba yake. Je, tumlazimishe?

Mzee wa kanisa, Kadutu: Shalom, mama. Msimlazimishe. Ni kweli kwamba Yesu, katika Mathayo 5:44, anaagiza tuwaombee wanaotuudhi. Lakini Ayubu, ambaye Bwana alimrejeshea mali zake alipowaombea rafiki zake waliomchoma kwa maneno, alifika hapo katika sura ya 42, baada ya kulalamika sana mbele za Mungu, naye Mungu hakumfukuza.

Mwanakwaya, Ibanda: Naongeza kwamba Paulo, katika 1 Timotheo 2:1-2, anataka dua zifanywe kwa ajili ya watu wote, hata wenye mamlaka (ambao sisi, nadhani, huwataja harakaharaka tu). Kwa hiyo kikundi kisiache kuwaombea hao waliochoma, ila dada anyamaze akitaka.

Mama wa Himbi: Asanteni sana. Jumatano tutaanza na yeye mwenyewe, maana jina lake halijaandikwa daftarini.